Mume Wangu Aliponiposa

Dalili ya kwanza ilikuwa koti. Mume wangu alikuwa fundi cherehani mwenye kibaraza chake karibu na soko la Lushoto, na karani mmoja wa wilaya alimletea kitambaa cha kijivu amshonee koti la kuendea mkutanoni Tanga. Siku ya kulichukua, karani aliingiza mkono wa kulia, ukaingia vizuri. Alipoingiza wa kushoto akaanza kuzunguka pale kibarazani kama mbwa anayefukuza mkia wake. Mikono yote miwili ya koti ilikuwa ya kulia.

Soko zima lilicheka, nami nikacheka. Lushoto kuna baridi, asiyecheka ataganda. Mume wangu mwenyewe alicheka hadi machozi, akalifumua koti lile, akalishona upya kwa uangalifu mkubwa, na safari hii mikono yote ikawa ya kushoto. Hapo mimi niliacha kucheka.

Siku hizi ugonjwa huo una jina. Binti yangu mkubwa, ambaye baadaye alisomea uuguzi, ndiye aliyeniambia kwamba unaitwa Alzheimer, na kwamba huweza kumkuta mtu hata kabla hajazeeka. Nilimshukuru, nikamwambia jina limechelewa kufika. Wakati ule sisi tuliuita kusahau. Wengine waliuita kurogwa, na kila aliyesema amerogwa alikuwa na mganga wake mfukoni, na ukichunguza mganga mwenyewe ni shemeji yake.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Mafundi wa mji walikuwa wamekusanya cherehani zao pamoja katika ushirika, na wenzake walimvumilia mume wangu kwa mapenzi. Walimpunguzia kazi, wakampa ya vifungo tu. Akashona vifungo pasipo matundu, na matundu pasipo vifungo. Mwishowe walimrudisha nyumbani na cherehani yake juu ya mkokoteni, wakimwimbia njia nzima kana kwamba anastaafu serikalini. Alifurahi sana, akawauliza nani anayestaafu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Asubuhi nilifundisha watoto, mchana niliwasimamia kwenye bustani ya shule, maana elimu ilikuwa ya kujitegemea na kabichi hazijimwagilii, na saa kumi jioni nilifundisha watu wazima kusoma na kuandika, maana taifa lilikuwa limeamua kwamba hakuna atakayebaki gizani. Nyumbani nilikuwa na watoto watatu: binti wa darasa la saba, mdogo wake wa darasa la tatu, na kitinda mimba ambaye alikuwa bado anajifunza kuvaa viatu. Baba yao naye alikuwa ameanza kusahau namna ya kuvaa viatu. Hao wawili walielewana kuliko wote.

Alisahau bei, akasahau wateja, akasahau majina ya watoto. Mimi nilikuwa wa mwisho kusahauliwa, na kwa muda nilijivunia jambo hilo. Halafu asubuhi moja nilipompelekea chai aliipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema: "Onga mahundo, mwalimu." Hiyo ni salamu yetu Washambaa ya asubuhi, na haina ubaya wowote. Lakini aliitoa kwa ile heshima ya mbali ambayo mwanamume humpa mke wa mtu mwingine. Iliniuma. Nilikwenda jikoni nikaukoroga uji usiohitaji kukorogwa.

Kusahauliwa ningekuzoea. Kilichonitoa jasho ni adabu yake. Mume wangu alilelewa na mama mkali aliyemfunda kwamba mwanamume mwenye heshima halali nyumba moja na mwanamke ambaye si mke wake wala ndugu yake. Hilo hakulisahau hata chembe. Kwa hiyo kila jioni, akishakula makande yangu na kunishukuru, alisimama, akaiangua kofia yake msumarini, akasema: "Mwalimu, chakula kilikuwa kizuri. Sasa naenda kaya, watu wasije wakakusema."

Kaya ni nyumbani, na nyumbani ni pale pale alipokuwa amesimama, lakini nenda kamwambie. Nilipomwambia, "Hapa ndipo kwako, na mimi ndiye mkeo," aliona aibu kwa niaba yangu. Aliangalia chini kama mtu aliyemkuta mwanamke wa watu amekunywa pombe. Kisha akatoka taratibu, akaingia kwenye ukungu na shati lake moja.

Binti yangu mkubwa ndiye aliyegundua dawa. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akakatiza kwa jirani, akamtokea baba yake kwa mbele kwenye kona yenye mivinje, akapiga goti. "Shikamoo baba. Unakwenda wapi na manyunyu haya? Karibu kwetu, mama amepika."

Sasa, mtu wa milimani hakatai kukaribishwa mvua ikinyesha. Kukataa ni kumtukana mwenye nyumba. Akarudi na bintiye, akapiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe, nikamfungulia, tukasalimiana upya, nikampakulia, akala makande kwa mara ya pili. Mgeni hulala sebuleni, na hilo adabu yake ililikubali. Tulifanya hivyo jioni baada ya jioni. Tulizunguka, tukamkaribisha, tukampakulia. Watu walinipa pole kwa kuuguza, na mgonjwa wangu ananenepa.

Lakini ugeni nao una kanuni zake. Siku moja aliamka mapema, akanisubiri mlangoni, uso umekunjamana. "Mwalimu, hata mimi nina haya. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nipe jembe." Nikampa. Niliporudi kutoka shule nilikuta amelima bustani yangu yote kwa mistari iliyonyooka kama mshono, ameng'oa miche ya kabichi mmoja mmoja, na mnavu wa kujiotea ameuacha umesimama. Nilifungua kinywa nimseme, nikamwona anavyonitazama akingoja sifa, nikamsifu. Mnavu ule tuliula mboga mwezi mzima, kwa hiyo hata haki ya kulalamika sikuwa nayo.

Asubuhi mume wangu alikaa na jirani yangu muuza karoti, mama mmoja mjane ambaye meza yake ilikuwa pale pale mume wangu alipokuwa akishonea zamani. Alimpangia karoti zake kwa kuzipima na futi ya kitambaa aliyoivaa shingoni, ambayo hakuivua hata akioga. Mama huyo alisema karoti zake ndizo pekee sokoni zilizokuwa na vipimo, na wateja wakapenda. Jioni nilimchukua mume wangu kwenda naye kwenye darasa langu la watu wazima, ambako jirani huyo huyo alikuwa mwanafunzi. Nilimweka nyuma, karibu na dirisha.

Kusoma alijua tangu utotoni na bado alikuwa anajua. Kwa hiyo kila jioni alijiandikisha upya, akashangaa upya, na akawa wa kwanza darasani. Wenzake walihangaika na "jembe" na "shamba", yeye akasoma ubao mzima bila kusita, nao wakampigia makofi. Aliinuka akawashukuru kama mbunge. Nikajikuta namngojea anyooshe mkono. Mwanafunzi mwerevu ni furaha ya mwalimu, hata akiwa ni mumewe.

Jioni moja, mvua ikigonga bati kiasi cha kutuzuia kuondoka, alisema kwa sauti: "Huyu mwalimu anafundisha vizuri. Mumewe ana bahati."

Jirani yangu muuza karoti, ambaye mdomo wake haukuwahi kupitwa na jambo, akamuuliza: "Mumewe unamjua?"

"Simjui," akasema. "Sijamwona hata siku moja. Mvua inanyesha hivi, naye haji kumchukua mkewe."

Walicheka mpaka madawati yakalia. Na mimi nilicheka, ila niliugeukia ubao nikaandika neno refu kuliko yote niliyoyajua, nikachukua muda wangu. Alipoona ninakawia alikuja mbele na mwavuli. Tulikwenda nyumbani chini ya mwavuli mmoja, yeye akiwa amejitenga upande mmoja, bega lake lote nje kwenye mvua, kwa sababu ya watu.

Mambo yaliharibika siku ya kikao cha walimu. Kikao kilikuwa kirefu, kama vikao vyote vya wakati ule. Watoto walikuwa madrasa, na jirani yangu alimgeukia mteja mara moja tu. Mume wangu akashika njia ya kaya. Aliishika barabara ya kuteremka, akaifuata kona baada ya kona, na basi la mwisho kutoka Mombo likamkuta karibu na Soni, amelowa chapachapa, anaipungia mkono milima. Kondakta alimjua, maana mume wangu alikuwa amewahi kumshonea suruali, nzima na yenye miguu yote. Akampakia akamleta hadi mlangoni. Mume wangu alishikwa na homa, tukamlaza chumbani, tukazunguka kitanda chake na uji.

Habari za milimani huteremka na mabasi. Kabla ya wiki kwisha wifi yangu alishuka kwenye basi la kupanda, kutoka Mazinde, na kikapu cha nazi kichwani. Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke mnene, mkali, mwenye huruma nyingi ambazo alizitoa kwa kufoka.

"Shikamoo wifi," nikamwambia.

"Marahaba. Baridi gani hii mnaishi nayo, mmekuwa maziwa, mnaogopa kuchacha? Yuko wapi mdogo wangu?"

Mume wangu alisikia sauti ile akatoka chumbani, na uso wake ukafunguka. "Dada!" akasema, akamkumbatia na kikapu chake. Mimi niliyemzalia watoto watatu nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika kitambaa cha vyombo, mwalimu wa watu. Niliona wivu. Nilimwonea wivu mwanamke wa miaka sitini mwenye vidole vilivyovimba, nisidanganye.

Wifi alikaa akaangalia mambo yetu kwa macho yake. Aliona kofia inavyoanguliwa magharibi, aliona binti anavyokimbia kwa mlango wa nyuma, alisikia hodi. Alipika nasi, akala nasi, na siku ya pili akasema alichokuja kusema.

"Wifi, nimekuja kumchukua."

"Humchukui."

"Sikiliza kwanza. Wewe una watoto wa taifa asubuhi, una kabichi mchana, una wazee wa kusoma jioni. Sikulaumu. Lakini mdogo wangu hapa anatoka kila jioni kwa sababu anaona yuko kwa watu. Siku moja hatatokea kondakta. Kwangu hatatoka. Mimi ananijua. Kwa dada yake mtu analala."

Alichosema kilikuwa kweli tupu: kwake angelala. Tulikubaliana, au tuseme alikubaliana peke yake, kwamba basi la Jumatatu asubuhi litawateremsha wote wawili. Akaanza kumfungia nguo zake kwenye shuka.

Nilijua akiteremka hatarudi. Mazinde ni tambarare, jua na mkonge na malori ya barabara kuu. Mimi na kazi yangu tungeweza kwenda kumwona likizo, watoto wakawa na baba wa likizo, na mimi nikawa mjane wa mtu aliye hai. Sikutaka. Nilimtaka pale pale, na kofia yake, na adabu zake, na kula kwake mara mbili. Nilimpenda, na wala sikuwahi kumwambia, kwa kuwa kwetu mtu hamwambii mumewe mambo kama hayo. Anampikia.

Jumamosi alasiri niliwaona kwa dirisha la jikoni wakizungumza chini ya mti wetu wa plamu, kaka na dada. Yeye alizungumza sana, akitumia mikono yote miwili. Wifi aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, kisha akasimama, kisha akaketi tena. Alichoambiwa pale alinisimulia baadaye, na kwa kuwa wifi yangu hukoleza chumvi kila kitu isipokuwa chakula, nakiandika na chumvi yake.

"Dada, umekuja wakati mzuri," alimwambia. "Nimekaa mji huu nikila kwa mwanamke mmoja, mwalimu. Si vizuri. Nataka nimwoe. Sina mwingine wa kumtuma, mama amekufa. Niposee."

Wifi alimeza mate. "Huyo mwalimu ana watoto watatu."

"Nimewaona. Wana adabu, wananiamkia kila siku. Nitawalea."

"Na baba yao?"

Akafikiri. "Labda amekufa. Kama hakufa, amemkimbia. Na kama amemkimbia mwanamke kama yule, dada, huyo ni mjinga, hana la kutudai."

Wifi aliingia jikoni, akaketi kwenye mbuzi, akakuna nazi nusu nzima. Halafu akaiacha nazi, akatoka nje, akazunguka nyumba, na nikasikia hodi kwenye mlango wa mbele. Nilipofungua alikuwa amejitanda kanga yake vizuri, macho mekundu, uso wa mtu aliyekuja kwa shughuli rasmi.

"Nimetumwa," akasema.

"Na nani?"

"Usinichekeshe, nitalia. Kuna kijana kwetu amekuona. Ni fundi cherehani. Ameniambia nije niulize kama nyumba hii ina nafasi."

Tuliangaliana. Mimi nilianza, yeye akafuata, tukacheka tukiwa tumeshikana mabega pale kizingitini, na katikati ya kicheko nikaona analia kweli. "Nimepanda mlima kumchukua," alisema, "sasa mimi ndiye nimetumwa kumwozesha. Mtu akikutuma posa utakataaje? Mjumbe hauawi, wifi."

"Hauawi. Lakini mshenga hajibiwi siku ileile, na hilo unalijua. Kamwambie asubiri."

"Na basi la Jumatatu?"

"Hilo halikuniletea posa."

Alirudi akampelekea jibu. Na mume wangu, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, alishtuka. Mposaji haonekani nyumbani kwa anayemposa jibu likiwa bado! Alichukua kofia yake, akaomba cherehani yake ibebwe, akahamia kwa jirani muuza karoti, dada yake nyuma yake ili pasiwe na la kusemwa. Jumamosi ile nililala bila mume nyumbani kwa sababu mume wangu alikuwa ananiposa.

Jumapili asubuhi nilimwendea sheikh aliyewasomesha watoto wangu. Nilimweleza yote nikitazama mkeka. Alisikiliza, midomo ikimcheza. "Nikaha yenu ipo," akasema, "haijavunjika, na siwezi kufungisha ndoa juu ya ndoa. Huyo ni mumeo, akijua asijue. Lakini kuwaombea dua mume na mke, tangu lini imekuwa haramu? Na kama kutakuwa na wali, mimi sina safari."

Wali ulikuwepo. Wanafunzi wangu wa jioni walipata habari kabla sijafika nyumbani, na jirani yangu naye anajua kusambaza jambo bila kusoma wala kuandika. Wakaja na viazi, na karoti, na kabichi kubwa kama maboga. Sukari ilikuwa haionekani dukani siku hizo, lakini mzee mmoja wa dawati la mbele alileta kidogo katika karatasi iliyokunjwa mara nyingi, akanikabidhi kama dawa. Binti yangu mkubwa alipika, na mimi nikakatazwa kuingia jikoni, kwa sababu eti ni bibi harusi.

Kisha jirani yangu akaniletea furushi kutoka kwa mposaji. Lilikuwa gauni, jipya, la maua mekundu. Niliyatazama maua yale nikaona kama tunajuana. Nikainua macho kwenye dirisha la sebule, nikaona mti wa plamu waziwazi. Alipohama alihama na pazia langu.

Nililivaa. Kiuno kilinikaa sawasawa. Mkono wa kulia ukaingia vizuri. Wa kushoto uligoma, nikajipinda, nikasukuma, mpaka ukaingia kinyumenyume. Mikono yote ilikuwa ya kulia. Niliolewa siku ile nimeinua bega moja, na wanawake wakasema mwalimu anaringa.

Watu walikaa sebuleni hadi nje. Mume wangu aliingia na kofia safi kichwani, ile ya kutokea mkononi na futi yake shingoni, akaitundika ya mkononi msumarini, akaketi karibu na sheikh, asinitazame hata mara moja, kama inavyostahili. Sheikh alisoma Fatiha, akaomba Mungu akilinde alichokiunganisha, awape watu hawa subira na afya, tukaitikia amina. Nikadhani yamekwisha. Lakini wifi hawezi kuona sufuria bila kufunua. Akasimama. "Samahani sheikh. Mshenga bado hajajibiwa."

Wote wakanigeukia. Nilikumbuka harusi yetu ya kwanza. Nilikuwa msichana, nimefunikwa kanga chumbani, bibi yangu akinifinya nisicheke. Baba alikuja mlangoni akaniuliza kama nimekubali, nikanyamaza, na kimya kikachukuliwa kuwa ndiyo, kama ilivyo desturi. Kwa hiyo sikuwahi kujibu. Miaka yote ile nilikuwa nimeolewa kwa kunyamaza, nami ni mtu ninayelipwa na serikali kwa kusema.

"Nimekubali," nikasema. Nilitumia sauti ile ile ya kuwaitia watoto kutoka bustanini, maana sikutaka mtu yeyote mle ndani aseme hakusikia. Vigelegele vikapigwa. Mume wangu aliitazama mikono yake, akitabasamu.

Wageni waliondoka magharibi ilipokaribia. Ukungu ukaanza kuteremka, na hakukuwa na pazia la kuuzuia kutuchungulia. Tulibaki sisi wa nyumbani, na wifi, na lile furushi la nguo pembeni ya mlango, limefungwa tayari kwa basi. Mume wangu alisimama. Akaenda kwenye msumari, akaiangua kofia yake ya kutokea, akaishika. Binti yangu mkubwa akaanza kunyata kuelekea mlango wa nyuma.

Akaitazama kofia. Akaitazama ile aliyokuwa ameivaa. Akaitundika tena msumarini, akaenda mlangoni, akachungulia nje kushoto na kulia kama mwenye nyumba anayehakikisha kuku wote wamerudi. Akaufunga mlango. Akatafuta komeo kwa vidole, akalipata, akalikaza kwa ndani.

Wifi alijifuta uso kwa kanga, akapiga magoti, akaanza kulifungua furushi. Jumatatu aliteremka na basi peke yake, na kikapu cha kabichi, akilalamikia baridi hadi kona ya kwanza.

Lakini jioni ile mume wangu hakuondoka mlangoni. Alibaki ameshika komeo, na nikaona kuna jambo linamsumbua. Nikamsogelea, na bega langu moja juu.

"Mwalimu," akasema taratibu, watoto wasisikie. "Na yule wa kwanza, akirudi?"

Nilimtazama.

"Akirudi," nikasema, "utanisamehe. Nitamfungulia."

Alifikiri, akatikisa kichwa kukubali.

"Ni haki yake," akasema. "Akipiga hodi, hata mimi niamshe, nimkaribishe."